Ziwa Nililokwenda Kulitazama kwa Niaba Yako

Dzaleka, Jumapili baada ya ibada

Mama,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, na kabla hujaendelea kusoma vaa miwani yako, ile ya kweli, si ile ya marehemu Baba ambayo unaivaa kwa sababu iko karibu. Goti limeamkaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa yule mama wa Uvira ilikufikia au ilichua goti la mtu mwingine njiani? Na mlango wa nyuma, umekwisha kutengenezwa? Kila tunaposikia habari za vita huko Bukavu huwa nahesabu watu wangu walioko huko, na kwa kuwa mzazi wangu aliyebaki ni wewe peke yako, hesabu haichukui muda. Nijibu yote hayo, usiniruke.

Sisi ni wazima. Mjukuu wako Ansima ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akiongea ni kama mtu anayepuliza moto. Mkwe wako Libère, ambaye mpaka leo unamwita "ule Murundi" kana kwamba hana jina, anakusalimu. Bado anatengeneza baiskeli za watu wa kabaza, wale wanaobeba abiria, na mikono yake haitoki grisi hata siku ya Pasaka. Mimi cherehani yangu iko mbele ya nyumba, chini ya shiti la turubai. Tangu wakimbizi tuliokuwa tunaishi Lilongwe turudishwe kambini, wateja wangu ni walewale wa mtaa mmoja, na mtu hawezi kushonesha gauni kila wiki ili kunifurahisha. Chakula kinachogawiwa kimepungua. Maji tunapanga foleni ya madumu kwenye pampu, bidoni nyuma ya bidoni. Hayo unayajua, sitayarudia, maana nilishakueleza kwenye simu na wewe ukayageuza kuwa silaha.

Ndiyo sababu naandika kwa karatasi. Kwenye simu jambo hili haliwezekani. Kila nikilianza unaniuliza kama nimekula, kisha simu inakatika, na mimi sijui kama ni mtandao au ni kidole chako. Mwaka huu nimekuomba mara tatu uje ukae nasi. Mara ya tatu ulinijibu, na hapa nayaandika maneno yako kama yalivyotoka ili usije ukayakana: "Mi siwezi kuishi fasi haina ziwa. Batu banapanga ligne ya maji, banaita ile ni maisha? Mi nitafia hapa, ku ziwa yangu."

Siku ile sikukujibu. Nilikasirika mpaka nikapinda sketi ya mteja nje-ndani, ikabidi niifumue yote. Lakini baadaye nilikaa nikafikiri. Mama hakusema hataki kuja. Amesema hakuna ziwa. Na Malawi ina ziwa, Mama, ziwa refu ambalo kwenye ramani limelala ubavuni mwa nchi karibu mwanzo hadi mwisho. Shida ni kwamba mimi mwenyewe, miaka tisa nikiwa hapa, nilikuwa sijaliona. Usicheke. Mkimbizi haendi kutazama ziwa, anakwenda anakoitwa. Basi nikajiapiza kwamba nikipata nafasi nitakwenda kulitazama kwa niaba yako, nikague kila kitu, kisha nikuandikie, nawe ukose kisingizio. Kila usiku nasali usipatwe na jambo katika ile nyumba, na nimechoka kusali hivyo.

Nafasi ikaja. Akina mama wa kanisa walipanga sortie, matembezi ya siku moja, pamoja na waume na watoto, kwenda kwenye hifadhi ya miti na wanyama iliyo kando ya ziwa upande wa Salima. Ni mahali watu wanakwenda kutembea, kuogelea, kupika nje na kupumzika. Mtu akitaka kutoka kambini lazima awe na karatasi ya ruhusa, na Mama Furaha, mke wa mchungaji wetu, alizifuatilia karatasi hizo wiki tatu. Huyo mama hagombani na mtu. Anakuja na kiti chake, anakaa mbele yako, anakutazama, mpaka unasaini ili upate kwenda kula. Na sisi tukasainiwa.

Asubuhi tulipitia Lilongwe kwanza, soko la Tsoka, kununua mkaa, nyanya na mafuta. Niliwaomba dakika chache nikapita mbele ya kile kibaraza nilipokuwa nikishonea zamani. Sasa kuna mwanamke anauza nywele za kusuka. Amezitundika vizuri, rangi kwa rangi. Akanikaribisha ninunue, nikamwambia zikomo, asante, siku nyingine. Sikumwambia kwamba ule msumari wenye nywele nyekundu niliupigilia mimi. Nikarudi garini, na Libère alinisogezea nafasi.

Ziwa halikujionyesha njiani. Tulifika, tukapita langoni, tukapita kwenye miti mikubwa yenye kivuli kizuri, kisha miti ikaisha na lilikuwa pale. Nikaanza kazi yangu papo hapo.

Jambo la kwanza ujue, halina ng'ambo. Kwetu Kivu mtu akisimama mtaa wa Nguba anaiona Rwanda pale, nusura aone nguo walizoanika. Hapa unatazama mpaka macho yanachoka na hupati kilima cha kuyaegemeza. Askari wa hifadhi alituambia upande wa pili ni Msumbiji. Nilimwamini kwa sababu alikuwa na kofia. Ufuko wake ni mchanga mtupu, si mawe kama yale yetu yanayokata nyayo, kwa hiyo hata goti lako lingeshuka bila kulalamika. Nilionja maji kwa kiganja. Ni baridi na hayana ile chumvichumvi ya Kivu. Mawimbi yapo, kwa sababu ya upepo. Lakini harufu, Mama, ile harufu ya samaki na kamba zilizolowa asubuhi, ni ileile kabisa. Hapo nilisimama kidogo, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Ansima alinivuta kitenge. Alikuwa ameshika kikombe chake cha plastiki, anatazama huku na huku.

"Maman, batu banapanga wapi?"

Nikamuuliza kupanga nini. Akaniambia ligne ya maji. Nikamweleza kwamba hapa watu hawapangi. Akafikiri, kisha akauliza ni nani anafunga jioni, maana pampu yetu ina mzee mwenye ufunguo. Akina mama waliokuwa karibu walicheka sana, na mtoto naye akacheka kwa kuwa wamecheka. Mimi sikucheka. Mjukuu wa mwanamke aliyeuza sambaza, dagaa wa Kivu, katika soko la Kadutu mpaka mikono ikanuka milele, hajui kwamba kuna maji duniani yasiyo na foleni wala kufuli. Iliniuma, na ikanizidishia hamu ya wewe kuja. Nikasema Mama akija, huyu mtoto atafundishwa.

Samaki nao nimewakagua. Nje ya uzio wa hifadhi wavuvi wanaanika dagaa kwenye vichanja vya matete, wanawaita usipa. Nilimwomba mwanamke mmoja anionjeshe, kwa Chichewa changu cha sokoni ambacho kinajua kuomba na kushukuru tu. Mama, usipa ni ndugu wa sambaza, lakini ndugu wa mbali, wa upande wa baba. Ana uchungu kidogo tumboni. Utamsema vibaya wiki nzima, kisha utamzoea, kisha utaanza kuwafundisha Wamalawi namna ya kumkaanga.

Tulitembezwa msituni na yule askari mwenye kofia. Tuliona ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe akishuka majini na kunyanyuka na samaki mzima. Tuliona kenge mrefu kama mkeka uliokunjwa. Na tuliona nyani wengi kuliko tulivyotaka. Mama Furaha alikuwa amebeba ndoo ya beignets, maandazi ya watoto, amezifunika kwa kitambaa cha kanisa. Nyani mmoja dume alikuja akaketi mbele yake, akamtazama, hakugombana. Mama Furaha akashindwa katika mchezo wake mwenyewe. Alimwachia ndoo. Baadaye tulipata ndoo na kitambaa, beignets tuliwaachia wenyeji.

Sasa nifike kwenye kuogelea, na hapa nakuomba uketi.

Langoni askari alikuwa ametueleza kwa Chichewa na Kiingereza, Mama Furaha akitafsiri, kwamba tuoge katikati ya nguzo mbili penye kamba, mahali maji yanafika kifuani, na kwamba upande wa matete mtu asiende. Mimi nilikuwepo kwa mwili. Macho yalikuwa majini. Na hata kama ningesikia, Mama, ungekuwa unanijua vibaya kama ungedhani ningesikiliza. Unajua tulivyokua. Kivu haina mamba, haina kiboko. Mwalimu wetu alisema ni kwa ajili ya gesi iliyoko chini ya ziwa, wewe ulisema ni Mungu tu amelipenda. Mtoto wa Bukavu akiwa majini anaogopa kitu kimoja, nacho ni mama yake aliyesimama ufukweni na fimbo. Libère amekulia Rumonge, kwenye Tanganyika, ambako mtoto anafundishwa kuyatazama maji kabla ya kufundishwa kuyaingia. Miaka yote ya ndoa sikujua tofauti hiyo iko kati yetu, kwa sababu kambini maji yetu yanakaa kwenye bidoni.

Aliniona ninafunga kitenge vizuri kiunoni, akaja karibu akaniambia kwa sauti ya chini.

"Nabintu, bakia ku kamba. Ziwa hii iko na benyewe."

Nami nikamjibu mbele ya watu, kwa sauti ya juu, kwamba yeye amezaliwa kando ya Tanganyika na bado anaogopa maji, sisi watu wa Kivu tunazaliwa tumelowa. Akina mama wakacheka. Yeye alirudi kwenye jiko kugeuza samaki. Sikumtendea haki, na naandika hapa ili ujue kwamba najua.

Lakini haikuwa kiburi tu. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeogelea. Ziwa ambalo hukuliogelea hujalikagua, wewe mwenyewe ungeniuliza hilo kabla ya yote.

Nikaingia. Nikapita chini ya kamba, nikaelekea kwenye mawe yaliyokuwa yamejitokeza mbali kidogo. Mama, mwili hausahau. Miaka tisa mikono hii imeshika sindano na bidoni, na ilipoingia majini ilikumbuka kila kitu ulichoifundisha. Nililala chali nikatazama juu. Masikio yalikuwa ndani ya maji, sikusikia mtu akiniita, hakuna foleni, hakuna karatasi, hakuna mteja anayesema gauni linambana. Nikasema moyoni: imekwisha, Mama atakuja, nimempatia ziwa. Nilianza hata kupanga sentensi za barua.

Nilipogeuka nikasikia filimbi. Nikadhani ni watoto na mpira wao. Nikainua kichwa, nikaona kanisa zima limesimama ufukweni na mikono imeinuliwa. Nikafikiri wanashangaa ninavyojua kuogelea. Nikawapungia mkono. Mama Furaha anasema kule kupunga ndiko kulikompandisha presha, si kitu kingine.

Upande wa matete, kati yangu na ufuko, kulikuwa na jiwe ambalo sikuliona wakati wa kwenda. Jiwe likapumua. Kisha likafungua masikio mawili madogo na kuyatikisa, na nikaelewa.

Nimewahi kuogopa. Siku tulipokimbia niliogopa sana, lakini uoga ule ulikuwa na barabara, miguu ilikuwa na kazi. Majini huna pa kuweka mguu. Akili ikaniambia rudi nyumbani, yaani kwenye mchanga, kwa watu, moja kwa moja. Nikaanza kupiga mikono kwa nguvu. Ndipo nikamsikia Libère. Mtu ambaye hajawahi kupaza sauti nyumbani mwangu alipaza sauti mpaka nyani wakanyamaza.

"Usipige maji! Enda ku majiwe, polepole! Usikuye huku, utapita mbele yake!"

Nilimtii bila kumjibu, jambo ambalo halijawahi kutokea na huenda halitatokea tena. Nikageuka, nikaenda polepole kwenye mawe huku kila kitu ndani yangu kikitaka kwenda mbio. Nilipanda, nikachubuka magoti yote mawili. Nilipotazama nyuma kiboko alikuwa amezama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa kila mahali. Nikakaa pale juu ya jiwe na kitenge kinachochuruzika, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mtunza hazina wa kwaya, nikapiga kelele.

"Maman, kuya! Kuya unitoshe!"

Yaani njoo unitoe, tena si mara moja. Kanisa zima lilisikia. Mungu anisamehe, sikumwita yeye. Mume wangu alikuwa anaonekana kwa macho na sikumwita. Nilikuita wewe uliye nchi tatu mbali, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba utakuja.

Libère alikuja na mvuvi mmoja kwa mtumbwi. Walizunguka mbali, hawakukata njia ya mkato, wakigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili mnyama ajue walipo na asishtuke. Walinifikia kwa nyuma ya mawe. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno niliyostahili. Alivua shati lake akanifunika mabega, akanishika mkono nikaingia.

Ufukweni nilipiga magoti mbele ya yule askari, kama wanavyofanya wanawake wa hapa, nikamwambia pepani, nisamehe. Magoti yalikuwa yanavuja damu kwenye mchanga. Alikuwa amekasirika, lakini aliponiona hivyo alishusha sauti. Alisema kiboko hana kosa, kosa ni langu niliyepita mlangoni kwake bila kubisha hodi. Hata kwao wanasema odi, Mama, ni neno lilelile. Kisha akaniambia nikale.

Nilikula. Nisikudanganye, nilikula nsima, ule ugali wao, na samaki kuliko siku zote, uoga una njaa yake. Na mwishowe Mama Furaha, ambaye zamani alikuwa muuguzi, alitutangazia kwamba kwenye maji haya kuna pia kichocho, na kwamba wote tuliooga tutakwenda kumeza dawa. Alinitazama mimi zaidi.

Mchana ule Ansima aliingia majini pamoja na baba yake, ndani ya kamba, maji ya magotini. Hakutaka kufundishwa kuelea. Alichota maji kwa kikombe akayamwaga. Akachota tena, akamwaga. Alifanya hivyo muda mrefu sana, kwa bidii kama mtu aliyeajiriwa, kwa sababu kambini mtoto akimwaga maji anapigwa. Baba yake alisimama pembeni anatazama matete. Baadaye Ansima alikuja akakaa kwenye paja langu, amelowa.

"Ulikuwa naita Koko," akaniambia, ndivyo anavyokuita wewe bibi yake. "Juu ya nini haukuita papa? Papa alikuwa hapa."

Nilimwambia ni kwa sababu Koko ndiye anayejua mambo ya maji. Libère alikuwa anasikia. Akatabasamu kidogo, akaendelea kukunja mkeka. Mtoto akauliza Koko ana mikono mirefu kiasi gani. Anakujua kwa picha moja tu, na katika picha ile umekaa.

Mama, barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliiandika siku iliyofuata. Nilikuambia ziwa ni zuri, mchanga ni laini, samaki wapo, nimeogelea, hakuna tatizo, funga mizigo. Kila neno lilikuwa la kweli na barua yote ilikuwa uongo. Nilimsomea Libère. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye tambara lake la grisi.

"Mwandikie yote," akasema. "Akuye kwa ile iko ya kweli. Ukimubeba na uongo, siku atafika atatafuta ziwa ku mulango, atakosa, na atakukasirikia mpaka kufa."

Kwa hiyo haya ndiyo ya kweli. Ziwa lipo na ni zuri, lakini haliko hapa tunapokaa. Kutoka Dzaleka ni safari ya masaa, na inataka karatasi yenye saini. Huenda ukaliona mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine usilione kabisa. Ukiliona utaogea ndani ya kamba kama mtoto, na utameza dawa. Asubuhi hutashuka kufua huku unaimba. Utakuwa na bidoni, na utapanga foleni, na utagombana na yule mzee wa ufunguo, nami nitapata aibu. Udongo ni mwekundu na upepo wa mwezi wa nane unauleta mpaka ndani ya sahani. Nilikwenda kukutafutia sababu ya kuja, na nimerudi na sababu zako za kukataa, tena nyingi kuliko ulizokuwa nazo. Kwa upande wa ziwa umeshinda. Nakubali.

Lakini mimi nilikuwa nakudanganya tangu simu ya kwanza. Nilikuwa nakuambia uje kwa ajili ya usalama wako. Nikakuambia uje kwa ajili ya Ansima, mtoto anahitaji bibi. Yote ni kweli, lakini hayo nilikuwa nayaweka mbele kama mtu anayetanguliza wageni mlangoni. Pale juu ya jiwe sikuwaza usalama wako wala malezi ya Ansima. Nilitaka mama yangu aje. Ndiyo hivyo tu. Mimi ndiye ninayekuhitaji, mkubwa hivi, na mume mwema, na mtoto, na cherehani. Niliona haya kulisema kwenye simu, sasa kanisa zima linalijua, sioni sababu ya wewe kuwa wa mwisho.

Barua hii ameibeba Papa Bahati, fundi viatu wa mtaa wetu, mzaliwa wa Panzi huko Bukavu, mpole, anapenda chai yenye sukari nyingi. Anakuja kumchukua mke wake. Atakaa Bukavu wiki mbili, kisha watarudi wote wawili kwa njia ya Uvira, Kigoma, Mbeya mpaka Karonga. Njia anaijua, na mke wake ni mtu wa kuongea, hamtachoka. Nimemwomba akufikirie kama mama yake. Atapita kwako siku ya kwanza kukupa barua na siku ya mwisho kuchukua jibu.

Nisalimie jirani yetu Mama Cécile, na kama ameshavuka kwenda Rwanda basi salamu zangu zibaki mlangoni kwake. Nisalimie mjomba Muhigirwa, kaka yako, mwambie bado nashona suruali kama alivyonifundisha, kwa kuanzia mfukoni. Mama yangu wa ubatizo mwambie ile Biblia yake bado inasomwa. Na binamu yangu Chantal anayelala chumba cha nje, mwambie ukiondoka nyumba ni yake, aiangalie, na aache kuazima sufuria zako bila kusema. Ansima anakubusu kwa mdomo wake usio na meno ya mbele. Libère ameniomba niandike kwamba atakutengenezea kiti chenye mgongo, cha kukalia kwenye foleni. Nimeandika.

Neno langu la mwisho ni hili. Nakujua. Ukishindwa kusema jambo unafunga sambaza kwenye gazeti, unampa mtu alete. Miaka tisa nimepokea vifurushi hivyo, nikavila vyote, na kila mara nilielewa kwamba maana yake ni hapana. Safari hii usimpe Papa Bahati samaki. Nitakuwa nimesimama kwenye kituo siku atakayoshuka. Sitaki kumwona na kifurushi mkononi. Nataka nimwone amebeba begi lako, na wewe uko nyuma yake unamlalamikia namna anavyolibeba.

Mtoto wako,
Nabintu